Shajara ya Mradi wa Goli: Siku Iliyofutwa

Jumatano jioni, Big Spring, Texas

Lengo la mradi: kufika goli, yaani mwisho wa njia tuliyopangiwa, kwenye mashindano, msimu huu, kwa bawa langu mwenyewe. Hali ya mradi: pale pale. Leo hakuna aliyefika, na hakuna atakayepewa hata alama moja, maana siku imefutwa. Kwenye karatasi ya matokeo iliyobandikwa hangani, safu ya leo ni tupu kuanzia bingwa hadi mkia. Nimekula, nimeoga, na hasira bado ipo, kwa hiyo naandika kabla haijapoa.

Kwa anayeikuta shajara hii katikati, bawa ninalolisema ni glaida ya kuning'inia: mabomba ya alumini, tanga, nyaya za chuma, na rubani aliyelala kifudifudi ndani ya hanesi akiongoza kwa kuusogeza mwili wake huku na huku. Injini hakuna. Si zile parachuti zinazoonekana Iten juu ya Bonde la Kerio, ingawa hewa inayozipandisha ni ile ile. Tofauti kubwa kwangu ni namna ya kuanza. Iten una ukingo: unakimbia hatua chache, ardhi inakuacha, na upepo unaopanda mteremko unakupokea. Texas ya magharibi ni tambarare tupu, mashamba ya pamba na mashine za kuchota mafuta zinazoinama na kuinuka kutwa kucha. Hapa huruki bila kuvutwa. Ndege ndogo inakuburuta kwa kamba hadi mita 600 juu ya ardhi, unafyatua kamba, na kuanzia hapo ni wewe na jua.

Na jua la hapa si la mchezo. Ndiyo maana mashindano ya dunia ya mwaka 2007 yalifanyika Big Spring, akashinda Attila Bertok wa Hungaria. Ndiyo maana pia mwaka 2012 Dustin Martin na Jonny Durand waliruka kutoka Zapata, mpakani na Mexico, wakaja kutua upande wa Lubbock, zaidi ya kilomita 760 kwa siku moja. Lubbock ipo kaskazini mwetu, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Hewa ya kufanya maajabu ipo. Leo ilikuwepo, na ndicho kinachoniuma.

Asubuhi

Kituo cha hali ya hewa cha Midland, mji ulio magharibi yetu, hurusha puto la vipimo kila saa 1 asubuhi, na marubani wote hapa hulisubiri grafu lake kuliko chai. La leo lilisema mikondo ya hewa moto itafika mita 2,700 kutoka usawa wa bahari, mawingu meupe yataanza kufungika mchana, upepo wa kusini-mashariki usio mkali. Pembeni palikuwa na neno moja la tahadhari: unyevu juu ni mwingi, kwa hiyo alasiri huenda mawingu yakakua kupita kiasi upande wa magharibi. Kila mtu alilisoma. Nasisitiza hilo kwa sababu ya yaliyofuata.

Mkutano ulikuwa saa 4. Kamati ya njia, ambayo ni marubani wenzetu watatu, ilitupangia hivi: daraja la wazi, wenye mabawa ya kasi zaidi, waende Lamesa, wakate kona, waishie Tahoka, kilomita 120 na kidogo. Sisi wa daraja la chini, wenye mabawa ya mlingoti juu, nguzo fupi inayoshikilia nyaya za juu, goli letu Lamesa, kilomita 70 hivi kwa mstari ulionyooka. Upepo unakusukuma kutoka nyuma ya bega la kulia. Chini yako kuna barabara ya US 87 sehemu kubwa ya safari, na katikati kuna mji mdogo wa Ackerly wa kukuonyesha kwamba hujapotea. Nilipoiona hiyo njia ubaoni nilimtazama shemeji, naye akaniinulia kidole gumba. Kama kuna njia iliyochorwa kwa ajili ya mradi huu, ni hii.

Milango ya kuanzia ilikuwa minne, kila dakika 20, wa kwanza ukifunguliwa saa 8 kamili mchana. Maana yake ni kwamba kuna duara la kilomita 5 kuzunguka uwanja. Unazunguka ndani yake ukipanda, na saa ya mlango ikifika unatoka kwenye ukingo wa duara. Saa yako ya mbio inahesabiwa kutoka mlango ulioutumia, si kutoka sekunde uliyotoka. Ukitoka dakika moja kabla ya mlango unaofuata, umejitwika dakika 19 za bure.

Bawa lilikuwa tayari mapema. Langu ni U2 ya Wills Wing iliyopitia mikono ya watu kabla yangu, karibu kilo 30, na kulifunga ni kazi ya saa nzima nikiwa sina haraka. Fito, zile zinazolipa tanga umbo lake, nilizikagua moja moja kwenye karatasi ya umbo. Mbili za kushoto zilikuwa zimenyooka kidogo kuliko za kulia tangu nilivyotua vibaya wiki iliyopita, nikazipinda kwa goti hadi zikalala juu ya mstari. Hilo lilikuwa kwenye orodha ya kazi za mradi na sasa limefutwa: bawa halivuti tena kushoto. Kamba ya kuning'inia nimeishusha kwa upana wa vidole viwili, kifua kiwe karibu zaidi na bomba la kushikia. Nililijaribu Jumatatu na mikono haichoki haraka. Uzi wa usalama kwenye kamba ya kuvutwa ulikuwa mpya.

Huo uzi ni kitu kidogo chenye kelele nyingi kwenye mchezo huu. Ni kitanzi cha uzi mwembamba kinachounganisha rubani na kamba ya ndege, kimetengenezwa kikatike kabla ya bawa kuzidiwa na nguvu. Kikiwa dhaifu mno kinakatika bure. Kikiwa imara mno hakina kazi. Kila rubani ana nadharia yake na hakuna atakayemshawishi mwenzake. Mimi natumia ninaopewa na waandalizi, maana ndege ni yao.

Mstari

Hapa ndipo siku ilipotelea, na nitakaa hapa kidogo.

Ndege za kuvuta zilikuwa tano, zote ni Dragonfly, aina iliyobuniwa kwa kazi hii hii, inayoweza kwenda polepole kiasi cha bawa kuifuata bila kung'ang'ana. Marubani tuko 45. Kuvuta mmoja, kumwacha juu, kurudi na kufunga kamba nyingine ni dakika 8 mambo yakienda vizuri. Piga hesabu: kila ndege ivute watu tisa, ni dakika 72 kumaliza mstari bila mtu kurudi chini, bila kamba kukatika, bila chochote. Ndiyo maana kuruka kulipangwa kuanze saa 7 kasorobo. Nafasi kwenye mstari huzunguka siku hadi siku ili kila mmoja aonje utamu na uchungu. Leo mimi nilikuwa wa 31.

Saa 7 kasorobo wa kwanza alikuwa ameshakaa kwenye kigari chake cha magurudumu, kile kinachobeba bawa hadi linyanyuke. Bendera zikageuka. Upepo uliokuwa wa kusini-mashariki ukaja kutoka kusini-magharibi, ukalala hivyo. Bawa kwenye kigari halipendi upepo wa ubavu. Ukiinuka upande mmoja kabla ya mwingine, unakwenda na pua chini. Msimamizi wa uwanja akasimamisha kazi, akasema tuhamie kwenye njia nyingine ya kuruka. Hilo lilikuwa sahihi. Sina neno.

Neno langu ni kwa namna tulivyohama. Mabawa 45 yaliyofungwa, kila moja na upana wa karibu mita 10, yakabebwa kuvuka uwanja na watu waliokwisha vaa hanesi kwenye joto la nyuzi 38. Vigari vikafuata. Halafu ikaonekana kwamba mistari miwili ya mwanzo imechanganyika, nani alikuwa mbele ya nani, ukazuka ubishi wa heshima wenye sauti za juu. Halafu mtu akapendekeza tusubiri tuone kama upepo utarudi. Tukasubiri. Kamati ikakaa chini ya kivuli cha bawa moja, ikajadili, ikasogeza mlango wa kwanza kutoka saa 8:00 hadi saa 8:30. Nusu saa tu, wakasema, tena kwa haki ya walio nyuma kama mimi. Nilipiga makofi. Kila aliye nyuma alipiga makofi.

Nusu saa hiyo ishike.

Upepo ulirudi kusini-mashariki, kama ilivyo ada yake ukishawasumbua watu, lakini wakati huo tulikuwa tumeshapangwa upande mpya na hakuna aliyekuwa na hamu ya kubeba tena. Kuruka kulianza saa 7 na robo. Mimi nililala chini ya bawa langu nikinywa maji ya mrija, nikihesabu ndege. Shemeji aliniletea taulo lililoloweshwa maji ya barafu na kuniwekea shingoni. Yeye ni mtu wa Likoni, dereva wa malori ya masafa marefu, na amekubali kuniendeshea pikapu wiki hii kwa malipo ya chakula na hadithi. Aliuangalia mstari akauliza, "Shemeji, hii feri yenu inavusha wangapi kwa mara moja?"

"Mmoja."

Akatikisa kichwa akaenda zake kivulini.

Kukatika

Zamu yangu ilifika muda mfupi baada ya saa 8. Kwenye kigari mambo huwa ni haya: unalala, mikono miwili imeshika bomba la kushikia pamoja na vitanzi vya kamba vya kigari, ili bawa lisikuache kabla halijapata mwendo. Kamba inakazika. Kigari kinaanza kusogea polepole, kinarukaruka kwenye nyasi kavu, kisha mtikisiko unapungua, magurudumu yanakuwa mepesi, na unasikia vitanzi vinavuta kwenda chini badala ya kwenda nyuma. Hapo ndipo unaachia vidole. Kigari kinabaki, wewe unabaki hewani mita mbili juu ya ardhi ukingoja ndege iinuke.

Tulikuwa mita 60 hivi nilipoiona chamchela. Ilikuwa inatoka kwenye shamba lililolimwa upande wa kushoto, nguzo ya vumbi jekundu isiyo na haraka, na ndege ikaingia ukingoni mwake. Iliinuka ghafla mbele yangu hadi nikawa naiona tumbo. Sekunde iliyofuata niliinuliwa mimi, ndege ikashuka, kamba ikakazika, na uzi ukakatika kwa mlio mdogo wa pu. Uzi ulifanya kazi yake. Nikavuta bomba, nikapata mwendo, nikageuza kidogo kuelekea upepo, nikatua kwa miguu mwisho kabisa wa uwanja.

Mwisho kabisa wa uwanja ni mbali. Mvulana wa pikipiki ya magurudumu manne alikuja na kigari, tukalipandisha bawa, tukarudi tukipitia nyuma ya mabawa yote yaliyobaki. Anayerudi chini haingii mbele. Anakwenda kwenye mstari wa marudio, na mstari huo huvutwa wa kwanza ukiisha. Nilikuta wenzangu watatu pale, mmoja wao rubani wa daraja la wazi ambaye bawa lake lina bei ya gari langu mara mbili. Alikuwa amekaa chini anakula chungwa. Aliniambia angani hakuna kitu, amezunguka dakika 20 bila kupata mita mia, na kwamba wanaotoka mlango wa kwanza watajuta. Nilimsikiliza nusu sikio. Watu wakiwa chini husema hivyo.

Alikuwa sahihi. Mlango wa saa 8:30 walitoka wengi, juu ya anga la bluu lisilo na wingu hata moja la kuwaonyesha mikondo ilipo. Kwenye redio nilisikia sauti zinavyopungua furaha: mita 1,500 na wanashuka, mita 1,300, natua, natua.

Hewani

Nilivutwa mara ya pili baada ya saa 9 kasoro robo. Nikaachia kamba mita 600 na kukuta hewa inashuka. Vario, kile kifaa kinacholia unapopanda, kilikuwa kinaguna sauti nzito ya kushuka hadi nikabaki na mita 250 juu ya maegesho ya magari. Nilishaanza kufungua zipu ya hanesi nitoe miguu nitue. Juu ya paa la hanga, ambalo ni bati lililochomwa na jua tangu asubuhi, bawa la kulia likasukumwa. Nikageukia huko. Duara la kwanza sikupanda wala sikushuka. La pili nikapata nusu mita kwa sekunde, na mkondo mwembamba kiasi kwamba nusu ya kila mzunguko nilikuwa nje yake. Nikang'ang'ana nao zaidi ya robo saa. Jasho liliingia machoni na sikuthubutu kuachia mkono kulifuta.

Ukishavuka mita 1,200 juu ya ardhi hapa, mambo hubadilika. Mkondo ulijikusanya na wenzake, ukanenepa, vario ikaanza kuimba. Na kufikia hapo mawingu yalikuwa yameanza kuota: kwanza vijikanda, halafu mafungu yenye matako bapa na meusi, yamejipanga kwa mstari kuelekea kaskazini-magharibi. Yaani kuelekea Lamesa.

Nilitoka kwenye duara na mlango wa mwisho, saa 9:30. Nitaandika hili kwa ajili ya mradi, hisia pembeni: hiyo ni dakika 35 bora nilizowahi kuwa nazo juu ya bawa hili. Kamba ya kukaza tanga nusu, kasi ya kilomita 60 kwa saa kati ya mawingu, na chini ya kila wingu mita 3 hadi 4 za kupanda kwa sekunde. Sheria za Marekani zinatutaka tubaki mita 150 chini ya wingu, na mara mbili ilibidi niondoke kwenye mkondo mapema ili nisifike huko. Si tatizo nililolizoea. Bawa lilikwenda wima, halikuvuta kushoto. Mikono haikuchoka.

Nilipokaribia Ackerly nilitazama chini nikaona mabawa kwenye mashamba. Moja la manjano karibu na mashine ya mafuta, mawili pamoja kando ya barabara, jingine katikati ya shamba la pamba ambalo mwenyewe hatafurahi. Hao ni watu wanaonishinda kila siku. Walitoka mlango wa kwanza na wa pili, wakakuta anga la bluu, wakaisha. Mabawa ya daraja la wazi yasiyo na mlingoti huenda mita 15 mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Langu likijitahidi ni 12. Leo hiyo hesabu haikuwasaidia. Kuna furaha ya aibu mtu huipata akiona hivyo, na niliipata yote.

Nilikuwa na mita 2,600 kwa usawa wa bahari, yaani kama 1,700 juu ya mashamba, na kilomita 38 hadi Lamesa. Mkondo mmoja mwingine wenye nguvu na upepo wa nyuma ungetosha. Mbele yangu kulikuwa na wingu.

Upande wa kushoto, juu ya Midland, kulikuwa na wingu jingine.

Nilikuwa naliona tangu duarani na nilikuwa najiambia liko mbali. Lilikuwa limepanda juu mno, kichwa chake kimeanza kutawanyika, na chini yake pazia la mvua ya kijivu lisilofika ardhini. Kwenye redio mtu akasema "daraja la pili", ambayo kwa kanuni zetu za usalama ni tahadhari. Dakika chache baadaye mwingine, aliyekuwa magharibi yangu, akasema "la tatu", yaani hatari, na sauti yake haikuwa ya mtu anayebishana na alama. Wawili wakamuunga mkono. Saa 10 na dakika 5 msimamizi akatangaza: njia imesimamishwa, kila mtu atue.

Chini

Sina ugomvi na tangazo hilo. Dhoruba ya namna ile husukuma mbele yake ukuta wa upepo unaoweza kufika kabla hujaona hata tone, na bawa la kuning'inia ndani ya ukuta huo halina la kufanya. Nilivuta kamba ya tanga, nikatafuta hewa inayoshuka badala ya inayopanda, kitu ambacho mwili wote ulikataa. Anga zima lilikuwa linaniinua. Nilitumia dakika nyingi nikizungukazunguka pembezoni mwa mawingu ili nishuke kutoka mahali nilipopatafuta tangu asubuhi.

Shamba nililochagua lilikuwa halijapandwa, jirani na US 87, nyaya za umeme upande mmoja tu. Nilitazama vumbi la trekta kujua upepo, nikatua bila shida. Pua ya bawa nikaielekeza kwenye upepo, nikalilaza chini, nikaanza kuchomoa fito kwa haraka kuliko nilivyowahi. Nilikuwa nimebakiza tatu za kulia ukuta ulipofika. Kwanza harufu ya udongo ulioloa, kisha magharibi yote ikawa rangi ya matofali, kisha mchanga kwenye meno. Nililala juu ya bawa. Ingenikuta hewani, nisingekuwa naandika.

Shemeji alinikuta hivyo. Alikuwa akinifuata kwenye simu, kila bawa lina kifaa cha kuonyesha lilipo. Alishusha kioo nusu.

"Shemeji, uko mzima?"

"Mzima. Siku imesimamishwa."

"Imesimamishwaje na wewe ulikuwa unapanda? Nilikuwa nakuona. Uliwapita wote!"

Sikuwa na jibu la kumpa kwenye upepo ule. Tulifunga bawa juu ya pikapu tukiwa tumejifunika vitambaa puani.

Hesabu

Jibu nililipata hangani, na ni la kihesabu. Alama zetu hukokotolewa kwa mfumo wa GAP, uliopewa herufi za kwanza za majina ya waliouandika: Gerolf Heinrichs, Angelo Crapanzano na Paul Mollison. Siku nzuri kabisa hutoa alama 1,000 kwa mshindi. Siku mbovu hupunguzwa thamani: wakiruka wachache, wakiishia umbali mfupi, au wakimaliza upesi mno. Njia ikisimamishwa, saa ya kuhesabu hurudishwa nyuma kwa muda wa mlango mmoja, ili aliyekimbilia kutua salama asiadhibiwe kwa kumpisha aliyeng'ang'ania. Na kama hakuna aliyefika goli, lazima ziwe zimepita dakika 90 tangu wa kwanza aanze. La sivyo siku haihesabiwi.

Tangazo lilikuwa saa 10:05. Ondoa dakika 20, ni saa 9:45. Wa kwanza alianza saa 8:30. Dakika 75.

Mlango wa kwanza ungebaki saa 8:00 kama ulivyokuwa, zingekuwa dakika 105 na siku ingehesabiwa. Nusu saa ile niliyoipigia makofi.

Baadhi yetu walizunguka ile meza wakilalamikia kanuni. Mimi naona kanuni ni sawa. Mbio za dakika chache hazimpimi mtu. Tena siku ikihesabiwa hadi saa 9:45, ningekuwa nimetoka kwenye duara robo saa tu, na kilomita zangu nyingi zingekatwa. Nililiona hilo nikiwa bado na mchanga masikioni na halikunituliza hata kidogo. Nilichotaka ni Lamesa.

Ninachokilalamikia ni uwanja. Tahadhari ya alasiri ilikuwa kwenye karatasi tangu asubuhi. Siku ambayo inajulikana itaharibika mapema, foleni ya dakika 72 inakuwa ndiyo mashindano yenyewe, na kuhama kwa mstari kungepangwa kabla: nani anabeba nini, mistari ina namba zilizoandikwa chini kwa chokaa, hakuna kusubiri tuone. Nimewaambia waandalizi hivyo, kwa adabu, na wamesema chokaa itapatikana. Shemeji anasema Likoni wangeshatuandikia namba kwenye paji la uso.

Kazi za mradi baada ya leo

Bawa nimelifungua tena hangani na kulipangusa vumbi. Nyaya za pembeni nimezipitisha kwenye vidole kutoka juu hadi chini, hazina uzi uliochanika. Zipu ya hanesi imejaa mchanga. Nimeipiga mswaki na nta ya mshumaa, inapita, ila nitahitaji mpya kabla ya msimu kwisha. Kioo cha kofia kimekwaruzwa. Kimo kipya cha kamba ya kuning'inia kinabaki hivyo hivyo, suala limefungwa. Mpangilio wa vario nimeubadilisha: nilikuwa nimeuweka uwe mwepesi mno kwa mikondo dhaifu, na ndani ya mikondo yenye nguvu ya leo ulikuwa unapiga kelele hadi haunisaidii.

Uzi wa usalama nimefunga mwingine.

Grafu la kesho nitalitazama saa 1, lakini wanaojua wanasema mvua ya leo imelowesha mashamba, kwa hiyo mikondo itachelewa na itakuwa dhaifu hadi udongo ukauke. Njia huenda ikawa fupi. Mstari unazunguka na kesho mimi ni wa 8, nafasi ambayo kwa hewa ya kuchelewa ni mbaya: utavutwa kabla hakujapikwa. Kuna haki ya kumwachia mtu wa nyuma nafasi na kuingia baada yake, na nadhani nitaitumia. Rubani wa chungwa ni wa 22. Nimeshazungumza naye.

Shemeji ameenda kujaza petroli kabla kituo hakijafungwa, na ameniagiza nisimngoje kwenye chakula.